Mikono Mipya ya Gari Langu na Mbeleko ya Mama Zakaria

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimebeba chumvi mgongoni sina hata kiatu, nimeuza viazi, nimeuza blanketi, nimejenga duka la bati pale Njombe wakati wengine wenu bado mnaezeka nyasi, na mashine ya kusaga ninayo. Darasani nilikaa miaka miwili tu kwa walimu wa misheni. Nilitoka najua kusoma, kuandika na kujumlisha, yaliyobaki nikayaokota njiani. Mtu wa namna hiyo ashangazwe na nini? Basi ninyi mnaokuja dukani kila siku bila kununua hata kiberiti, kazi yenu kuniuliza ilikuwaje huko Makambako, nimeamua kuandika mara moja. Someni, halafu mniache nifanye biashara.

Gari langu mnalijua. Nililinunua kwa Mzungu mmoja mwenye shamba, aliyekuwa anarudi kwao baada ya vita. Wakati ule mtu mweusi mwenye gari la kutembelea, si lori, gari la kutembelea lenye viti vya ngozi, katika Njombe yote alikuwa mimi. Lilikuwa limezeeka, lakini hata mimi nimezeeka na bado nawashinda.

Na Eliza mnamjua, binti yangu wa kwanza. Aliolewa Makambako na Zakaria, kijana wa kambi ya barabara. Alizaa nyumbani mara mbili, na mara mbili tulizika. Mimba ya tatu ilipokuwa kubwa, nesi wa hospitali ya misheni hapa kwetu akamwambia: "Safari hii usizalie nyumbani. Uje wiki mbili kabla, ulale hapa, tukutazame." Zakaria akataka kumleta kwa basi. Nikamwandikia kwa mkono wangu kwamba binti yangu hapandi basi wakati baba yake ana gari. Maneno hayo niliyaandika mimi, hakuna aliyenitilia kalamu mkononi.

Njombe mpaka kwenye miwati

Niliondoka asubuhi ukungu ulipopanda, baridi bado inauma masikio. Gari lilikuwa linagonga mbele tangu mwezi uliopita, kong, kong, kila likiingia shimo, na usukani ulikuwa unanivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona shamba la watu. Nikasema litafika. Mambo mengi nimeyaambia yatafika, yakafika.

Barabara ilikuwa kavu, imejaa makunyanzi, na kila kunyanzi gari lililipiga kofi. Baada ya maili kumi na tano hivi maji yakachemka. Nikaona nyumba chache kando ya shamba la miwati, ile miti ya kuuza magome, nikasimama nikaombe maji. Nilipofungua mlango, wanaume watatu waliokuwa wanaota jua walinyanyuka wakaingia kwenye miti. Wakabaki wanawake na kuku.

"Wenye nyumba wako wapi?" nikauliza.

"Hawapo," akajibu bibi mmoja bila kuniangalia. "Wamekwenda mbali. Hata mwaka jana walikuwa wamekwenda mbali."

Mimi hapo nimevaa koti, nimevaa kofia, nimeshuka kwenye gari. Nikaelewa kwamba wananidhania mtu wa kodi. Nikacheka, nikageukia ile miti nikaita salamu yetu ya Kibena kwa sauti yote: "Kamwene!" Kimya. Nikaita tena, nikataja jina la baba yangu, la babu yangu, na bei ya viazi vyangu. Ndipo wakaanza kutoka mmoja mmoja, majani kichwani, aibu usoni.

"Mbena mwenzetu!" akasema mmoja. "Sasa na kofia hiyo ulitaka tufanyeje?"

Wakaniletea maji ya gari, kisha sufuria ya viazi vya kuchemsha na chumvi ya mawe. Nilikula viazi tisa. Mzee wao mmoja alikuwa ameinama anatazama gurudumu langu la mbele, amefunga mikono nyuma.

"Ng'ombe wako anachechemea," akasema. "Mguu umetoka kwenye kiungo. Huko mbele usimkimbize."

Nikamwambia gari halina kiungo. Akaniambia sawa. Nilifika Makambako jioni, naenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai, na watoto wa njiani walinipita kwa miguu wakanisubiri mbele ili wanione tena.

Makambako, siku ya kwanza

Makambako ndiko njia zinakoachana, kwa hiyo kila gari linalougua huko kusini hufia pale au huponea pale. Fundi alikuwa Kasimu, Mnyamwezi, mtu mzima mwenye mvi. Wakati wa vita alitengeneza malori ya jeshi mpaka Bama, huko ng'ambo ya India, na alipenda ujue hivyo kabla hujajua jina lake.

Akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Bwana," akasema, "umekuja na hili kutoka Njombe?"

"Nimekuja nalo."

"Basi nenda kanisani."

Akanionyesha. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na chuma kinachotoka kwenye fremu, na Kasimu alikiita mkono. Kila mkono una matundu mawili, na ndani ya kila tundu mna mpira uliozungushiwa bolti, unaoitwa bushi, ili mkono upande na kushuka bila chuma kusaga chuma. Kwangu mpira ulikwisha zamani. Chuma kilisaga chuma mpaka matundu yakawa marefu kama yai. Mikono yote miwili haikufaa hata kuegeshea mlango.

Habari za kuagiza mikono mipya na bushi zake kwa Mhindi wa Iringa naziruka, karatasi hazina utamu. Niseme tu kwamba barua niliiandika mwenyewe.

Makambako, siku za kungoja

Nililala kwa jirani, chakula nikala kwa Zakaria. Hapo lazima niwaambie habari za mama yake.

Mama Zakaria ni mjane, mwembamba, mtu wa kutengeneza komoni, pombe yetu ya mahindi, na kuuza Jumamosi. Yeye ni mkwe wangu, na kwetu wakwe wa namna ile hawatazamani usoni wala hawaitani. Mjini watu wameanza kuacha, yeye hakuacha. Akitaka nile, alimwambia Eliza. Eliza asipokuwepo, aliiambia sufuria: "Sufuria, wageni wengine wanaacha ugali upoe." Mimi nikanawa mikono nikala. Nilimheshimu kwa heshima ya mkwe, lakini moyoni nilimwona mama wa komoni tu, asiyejua hata kuandika jina lake. Siwafichi.

Siku ya pili aliniwekea kibuyu. Nikakinywa nikidhani togwa, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Kilikuwa komoni. Nilikimaliza ili nisimvunjie heshima. Cha pili pia nilikimaliza, kwa heshima hiyo hiyo.

Jioni nilikaa na Eliza nje, juani. Miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa anashona kitambaa kidogo, akakificha aliponiona.

"Mbona unaficha?"

"Zile mara mbili nilishona mapema, baba," akasema. "Safari hii nashona kidogo kidogo, isionekane."

Nikaondoka nikaenda kumpigia kelele Kasimu, ambaye hakuwa na kosa.

Basi la Iringa lilipita siku ya tatu bila mzigo wetu. Mzigo ulikuwa umelaliwa na magunia, ukaenda Mbeya, ukarudi siku ya sita. Tulipofungua kasha tukakuta mikono miwili mizuri, bado ina grisi. Bushi zilikuwa nane, wakati gari lilihitaji nne tu. Nikawaka. Nikasema Mhindi ananiuzia nisichotaka. Kasimu akaomba nakala ya barua yangu, akaisoma.

"Bwana, umeandika 'nne kulia na kushoto'. Yeye ameelewa nne kulia, nne kushoto."

"Ameelewa vibaya."

"Ndiyo, bwana," akasema Kasimu, akatia zile nne za ziada kwenye buti.

Siku ya kufunga

Kasimu aliinua mbele ya gari juu ya magogo mawili, magurudumu yananing'inia hewani. Akatoa mikono ya zamani, akaweka mipya, akatia bolti, akakaza nati. Anakaza kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imemtoka, na mimi nimesimama namwambia kaza, kaza, mtu alegeze nini wakati amelipa?

Mama Zakaria akapita na ndoo ya maji kichwani. Akasimama. Akatazama gari lililoning'inia, akaitazama spana. Kisha akaiambia ndoo yake: "Ndoo, hivi siku hizi Makambako watu wanakaza kabla hawajabeba?"

Tukacheka, mimi na Kasimu. Mama wa watu, tukasema, gari amelidhania punda.

Gari liliposhushwa lilisimama pua juu, refu kwa mbele kuliko nilivyolijua. Nikafurahi. Nikamwambia Kasimu tazama, limepata ujana. Kasimu hakufurahi sana. Akakuna kichwa, akasema labda mpira mpya haujazoea, na kwa kuwa hajui tabia za magari madogo atafuatana nasi mpaka Njombe. Nilimwona mwoga. Nikamruhusu.

Maili tisa

Tuliondoka asubuhi. Zakaria alikuwa kazini, alikuja mbio kutuaga, akamshika mkewe bega. Eliza alikaa nyuma na mama mkwe wake, ambaye alikuwa na furushi la nguo, viazi na mbeleko ya zamani ya khanga iliyochujuka. Kasimu alikaa mbele kwangu.

Maili tano za kwanza gari lilikwenda kama maji. Nikaimba. Maili ya saba likaanza kulia, kwii, kwii, kila kunyanzi. Maili ya nane ile kong yangu ya zamani ikarudi. Maili ya tisa usukani ukanitoka mkononi, gari likaruka kushoto, likaingia majanini, likasimama ukingoni mwa mfereji wa barabara.

Nilitazama nyuma. Eliza ameshika tumbo kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Eliza. Mwanangu. Umeumia?"

"Limekaza, baba. Tumbo limekaza. Ngoja kwanza."

Tukangoja. Nimengoja vitu vingi maishani, sijawahi kungoja kama vile. Baadaye akashusha pumzi, akasema limeachia. Kisha akasema: "Tusirudi, baba. Nikirudi nitazalia kule tena. Hata kwa miguu nitakwenda."

Ndugu zangu, ile barua niliyomwandikia Zakaria ilinijia yote, neno kwa neno. Basi la Njombe lilikuwa limepita jana.

Kasimu alikwisha kuingia chini ya gari. Akatoka na bushi mkononi, imechanika katikati kama andazi.

"Mpya," akasema. "Mpya kabisa. Nimetengeneza malori mpaka Bama, sijaona hii."

"Malori ya Bama yalikuwa na mpira huu?"

"Hapana. Yalikuwa na springi za mabapa ya chuma, bila mpira."

"Zimebaki nne kwenye buti."

"Nitazifunga, bwana. Lakini nikizifunga vile vile zitachanika vile vile. Sijui kosa langu ni lipi."

Hapo ndipo Mama Zakaria aliposhuka garini. Alikuja mpaka mbele yangu. Akanitazama usoni. Nilitazama chini mimi, kwa mazoea, nikaona miguu yake mbele ya viatu vyangu.

"Baba Eliza," akasema. Aliniita hivyo. "Nisamehe, leo nakuita. Nimeiambia ndoo hukusikia. Mtoto aliye tumboni mle ni mjukuu wangu pia, na nimezika wawili kwa mikono hii. Sizungumzi na ndoo tena."

"Sema, mama," nikasema.

Akachukua ile mbeleko yake, akaifunga mwilini, tupu, akaikaza kifuani fundo la nguvu. "Nimekaza. Haya, niwekee mtoto." Akanipa furushi la viazi. Nikajaribu kulipenyeza mgongoni mwake. Halikuingia. Nikalisukuma, likaingia nusu, khanga ikamkata bega, uzi ukakatika.

"Ndivyo ulivyofanya," akamwambia Kasimu. Akafungua fundo. Akainama, akasema nimwekee furushi mgongoni kwanza. Nikaweka. Akatupia khanga juu, akaivuta, akajitikisa kidogo mzigo ukae, ndipo akafunga. Akasimama wima, akatembea, akaruka kidogo. Furushi halikutikisika.

"Kitu cha kubeba hukazwa kikiwa kimebeba," akasema. "Wewe umekaza gari likiwa limening'inia, halina uzito. Lilipokanyaga chini, kile kitambaa chenu kikapindika. Tangu pale linatembea limenyongwa. Hukuona pua lilivyoiinua?"

Kasimu aliinua ile bushi machoni. Aliigeuza huku, akaigeuza huku. Kisha akavua kofia.

"Mama," akasema, "kweli. Mpira umeshikwa ndani na nje. Ukikazwa gurudumu likining'inia, halafu gari likalala, unabaki umesokotwa siku zote. Mama, ni kweli."

Mimi nikaenda kwenye buti nikazitoa zile bushi nne.

Mferejini

Kasimu alifunga bushi mpya, akaingiza bolti, nati akazizungusha kwa vidole tu. Kisha tukashusha gari na kulisukuma likae juu ya mfereji, magurudumu ya kushoto ng'ambo hii, ya kulia ng'ambo ile, ili yeye alale chini yake mle mferejini gari likiwa na uzito wake wote. "Ingieni wote," akasema, "kama mnavyosafiri."

Eliza akaingia, mama mkwe wake, furushi, na mimi. Nafasi ya Kasimu ilikuwa tupu. Wakati huo anakuja mtu kwa miguu, gunia begani, Mkinga, anasema ametoka kwao Ipelele siku nyingi, anafanya biashara ya kutembea.

"Kamwene, tajiri!" akasema. "Mbena amenunua gari, amekaa ndani, haliendi. Sasa hii ni gari au ni nyumba?"

"Mkinga," nikasema, "una uzito gani?"

"Mimi? Mimi na gunia langu ni watu wawili. Fedha zangu sizihesabu."

"Ingia ukae hapa mbele."

"Kufanya nini?"

"Kuwa mzigo."

Akafikiri. Mkinga hufikiri kwanza. "Kuwa mzigo nitakuwa bure," akasema. "Lakini mzigo huu ushushwe Njombe."

Akaingia na gunia lake. Tukakaa watu wanne ndani ya gari lililosimama juu ya mfereji, tunatazama mbele kama watu wa picha, na chini yetu Kasimu anakaza. Mkinga akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii ndiyo namna ya Wabena ya kusafiri. Eliza akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nilipofika Makambako. Mama Zakaria akasema polepole: "Kaza sasa, baba. Sasa kaza."

Mpaka Njombe

Gari lilikaa chini, pua mahali pake. Kwii hakuna, kong hakuna. Kasimu na Mkinga walibanana mbele na gunia magotini, na kila maili Kasimu alisema "kimya", na Mkinga akajibu "kimya", kama watu wanaoitikia sala. Kwenye ile miwati wanaume hawakukimbia safari hii, walitoka na viazi. Yule mzee akainama, akatazama gurudumu.

"Kiungo kimerudi," akasema.

"Kimerudi, baba," nikasema. "Ulisema kweli."

Tulimfikisha Eliza hospitali jua likiwa bado juu. Nesi alimshika tumbo, akaniambia tungechelewa hata siku moja zaidi ingekuwa hatari. Siku ya pili alizaa. Ilikuwa shida, sitawaeleza shida za wanawake, lakini watu wa kazi walikuwepo karibu naye, na mtoto alilia. Mvulana. Analia mpaka leo, mnamsikia mkipita.

Nilikwenda dukani kwangu nikatazama vitambaa vyote. Vya kwangu havikuniridhisha. Nikaenda kwa mwenzangu wa ng'ambo ya soko, nikanunua khanga doti moja, mpya, nzito, ile ya juu kabisa. Mama Zakaria alipoletewa alikuwa nje ya wodi. Alikuwa amerudi kwenye desturi yake, hanitazami. Akaikunjua, akaishika mkononi, akaiambia: "Khanga, mwambie aliyekununua kwamba mtoto atabebwa vizuri."

Gari langu lilikuwa limesimama pale karibu. Nikaliwekea mkono juu ya boneti, nikaliambia: "Gari, mwambie yule mama kwamba nimesikia. Na siku nyingine nitasikia hata akiiambia ndoo."

Akacheka, amegeukia ukuta.

Basi mmejua. Mikono miwili, bushi nane, kazi ya Kasimu na nauli yake ya kurudi, petroli, na ile khanga, safari yote ilinigharimu shilingi mia mbili thelathini na saba na senti arobaini.